Maziwa ya moto ya Magamba: kisa cha Mpemba na namna jaribio linavyopaswa kuandikwa

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi wa pale walikuwa wakijitengenezea aiskrimu. Walinunua maziwa kwa akina mama wa jirani, wakayachemsha, wakayatia sukari, wakayaacha yapoe, ndipo wakayaweka kwenye sehemu ya kugandishia ya jokofu. Trei zilikuwa chache na wenye kuzitaka wengi. Siku moja mwenzake, alipoona Mpemba anachemsha yake, alitia sukari kwenye maziwa mabichi na kuwahi trei. Mpemba akaona kwamba akisubiri maziwa yapoe atakosa trei ya mwisho, akayaingiza yakiwa bado ya moto. Waliporudi baada ya saa moja na nusu, ya Mpemba yalikuwa yameshaganda. Ya mwenzake yalikuwa mazito tu, hayajaganda.

Kisa hiki kinapendwa, na kinastahili. Lakini kwa zaidi ya nusu karne kimekuwa kikisafiri ndani ya sentensi moja, "maji ya moto huganda upesi kuliko ya baridi", na jambo hilo halikuonekana Magamba. Pale palikuwa na maziwa yenye sukari. Ya trei moja yalikuwa yamechemshwa, ya trei nyingine yalikuwa mabichi, kwa hiyo yalitofautiana kwa mambo mawili na siyo joto peke yake. Na ilikuwa mara moja. Ukifuata njia kutoka trei zile hadi sentensi ile unaona mahali ambapo habari ya kisayansi inapotea inapofundishwa, inapochapishwa na inapotangazwa.

Darasani

Mpemba alipomuuliza mwalimu wake wa fizikia, aliambiwa amechanganyikiwa, haiwezekani. Baadaye rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga akamweleza kuwa naye huweka mchanganyiko wa moto ili ugande mapema. Alipokuwa Sekondari ya Mkwawa, Iringa, na somo likafika kwenye kanuni ya Newton ya kupoa, isemayo kuwa kasi ya kupoa inalingana na tofauti kati ya joto la kitu na la mazingira yake, aliuliza tena. Safari hii jibu likawa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Wenzake wakaligeuza utani: akikosea hesabu, basi ni hisabati ya Mpemba.

Tumtendee haki mwalimu yule, maana hoja yake ina uzito. Maji ya nyuzi 90 yakipoa lazima yapite nyuzi 30. Yakishafika hapo, yana tofauti gani na maji yaliyoanzia 30? Ikiwa hali ya maji inaelezwa na namba moja tu, yaani kiwango cha joto, basi hakuna tofauti, na yaliyotangulia yatabaki yametangulia. Tatizo limo katika hilo "ikiwa". Maji yaliyoshuka kutoka 90 hadi 30 yamepungua kwa mvuke. Yamepoteza sehemu ya hewa iliyoyeyuka ndani yake. Chombo chake huenda kimeyeyusha barafu iliyokuwa chini yake, kwa hiyo sasa kinagusa bati baridi moja kwa moja. Na joto la juu ya chombo halilingani na la chini. Namba moja haitoshi.

Mwalimu hahitaji kujua jibu ili alitumie swali la namna hii. Anahitaji kumwambia mwanafunzi: taja kitu kimoja kinachotofautisha maji haya mawili yote yakiwa nyuzi 30, kisha tukipime. Mvuke ndio mwepesi zaidi kupima, na hesabu yake inafaa ubao wowote wa kidato cha tatu. Chukua gramu 70 za maji. Kila gramu ikipoa nyuzi moja inatoa jouli 4.18 (jouli ni kipimo cha nishati), kwa hiyo kuzishusha zote kutoka 90 hadi 30 ni kutoa jouli 17,600 hivi. Gramu moja inayoondoka kama mvuke inachukua takriban jouli 2,300. Kama mvuke peke yake ndio unaofidia mwanzo ule wa moto, lazima gramu 7 hadi 8 ziondoke, zaidi ya sehemu moja ya kumi ya maji yote. Mizani ya jikoni inaona tofauti hiyo. Pima kabla, pima baada, na ikiwa zimepungua gramu 2 tu, mvuke peke yake si jibu.

Kurasa nne za 1969

Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, alipotembelea Mkwawa, Mpemba alisimama akamuuliza: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana vyenye maji ya kiasi kimoja, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye friza, cha nyuzi 100 kinatangulia kuganda, kwa nini? Swali lilikuwa limekamilika kuliko maelezo mengi yaliyochapishwa baadaye. Lina kiasi, lina vyombo, lina joto la kuanzia la pande zote mbili. Mpemba alikuwa ameshajaribu mwenyewe kwenye maabara ya biolojia kwa bika mbili, yaani vyombo vya kioo vya maabara, za mililita 50.

Osborne hakuamini, lakini aliporudi Dar es Salaam alimwomba fundi wa maabara ajaribu. Fundi akaleta habari kwamba kweli ya moto yametangulia, akaongeza kwamba watarudia jaribio hadi wapate jibu sahihi. Osborne aliyaweka maneno hayo kwenye makala, na hapo alifanya jambo kubwa. Yanaonyesha namna matokeo yanavyochujwa kabla hayajafika kwa mhariri, bila mtu yeyote kudanganya: anayejua jibu linalotarajiwa huacha kurudia pale linapotokea.

Makala ilitoka mwaka 1969 katika jarida la Physics Education, kurasa nne, jina la Mpemba likitangulia. Wakati huo alikuwa kwenye chuo cha usimamizi wa wanyamapori, Moshi. Ina mambo matatu ambayo majarida mengi bado hayajayafikia. Mwanafunzi anasimulia kwa kauli yake. Mwanachuoni anakiri kwamba alidhani jambo hilo si kweli, na anaonya juu ya hatari ya kufundisha fizikia kwa amri. Na vipimo vya msingi vimetajwa: sentimita za ujazo 70 za maji katika bika za 100, zimewekwa juu ya povu linalozuia joto, ndani ya sehemu ya barafu ya jokofu la nyumbani. Osborne aliongeza jaribio moja zuri sana. Aliweka utando wa mafuta juu ya maji, na kuganda kukachelewa mno. Joto lilikuwa likitoka kupitia juu.

Sasa soma makala ileile kwa jicho la mtu anayetaka kuirudia. Kwenye trei za Magamba, ushindi ni maziwa kuwa yameshaganda baada ya dakika 90. Kwenye maabara ya biolojia, ushindi ni bika moja kuwa na barafu nyingi kuliko nyingine baada ya saa moja. Hakuna iliyoganda yote. Kwa Osborne, kinachopimwa ni muda hadi maji yanapoanza kuganda. Ni vipimo vitatu tofauti vinavyoitwa kwa neno moja, na yeyote aliyekuja baadaye aliweza kuchagua kimoja akasema amethibitisha, au amekanusha.

Kiswahili kingeweza kusaidia hapa kama waandishi wangekitumia. "Yanaganda" na "yameganda" ni mambo mawili. -Na- inaonyesha tendo linaloendelea, -me- inaonyesha limetimia. Kati ya hayo mawili pana kazi kubwa. Gramu 70 za maji yaliyo nyuzi 0 lazima zitoe jouli 23,400 hivi, lile joto fiche, kabla hazijawa barafu tupu, hali kipimajoto kinasimama palepale kwenye sifuri. Kuyashusha maji hayohayo kutoka nyuzi 30 hadi 0 ni jouli 8,800 tu. Yaani sehemu kubwa ya muda inapita baada ya barafu ya kwanza kuonekana. Anayepima mwanzo na anayepima mwisho hawazungumzii kitu kimoja.

Sentimita moja

Mwaka uleule 1969, G. S. Kell, mtafiti wa Kanada, alichapisha makala kuhusu kuganda kwa maji ya moto na ya baridi, akiegemea mvuke. Mwaka 1995 David Auerbach alionyesha jambo jingine: maji mara nyingi hushuka chini ya sifuri bila kuganda, kisha yanaganda ghafla, na hakuna anayeweza kusema mapema yatafika nyuzi ngapi. Maji yaliyoanza baridi yakishuka sana kabla ya kushtuka, yaliyoanza moto yanaweza kuyatangulia. Ni kama bahati nasibu, na bahati nasibu ukiicheza mara moja haikuambii kitu.

Kisha mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, mmoja wa Imperial College London na mwingine wa Cambridge, wakachapisha katika jarida la Scientific Reports kazi ambayo kila mwalimu wa fizikia angepaswa kuisoma. Walichagua kipimo kisicho na utata, muda hadi maji yafike nyuzi 0, wakaweka namba za watu wengine pamoja na zao. Hawakuona maji ya moto yakitangulia. Walichokiona ni kwamba ukiweka kipimajoto cha chombo kimoja sentimita moja juu au chini kuliko cha chombo kingine, unaweza kupata ushindi wa maji ya moto ambao haupo. Bika ya mililita 100 yenye maji 70 ina kina cha sentimita 4 hivi. Sentimita moja ni robo ya kina chote, na maji hayana joto moja juu na chini, hasa yakikaribia nyuzi 4 ambapo ni mazito kuliko wakati mwingine wowote na mzunguko wake unageuka.

Mchoro mmoja wa chombo, wenye alama ya mahali kipimajoto kilipowekwa na umbali wake kutoka chini, ungeokoa miaka mingi ya mabishano. Hilo ndilo tunalotaka wahariri wa majarida, hata ya shule, walidai kabla ya kusoma hitimisho.

Kati ya Auerbach na Burridge kulikuwa na tukio linalofaa kuangaliwa na kila mtu anayefikisha sayansi kwa umma. Mwaka 2012 Royal Society of Chemistry, chama cha wanakemia cha Uingereza, ilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayeeleza vizuri zaidi kwa nini maji ya moto hutangulia kuganda. Majibu yalizidi 22,000, na Nikola Bregović wa Zagreb akashinda. Watu 22,000 kufikiria kuhusu joto ni jambo la kufurahisha. Lakini swali lilitangulia mbele ya ushahidi: liliomba sababu ya jambo kabla ya kuuliza ni lini linatokea na lini halitokei. Zawadi ileile ingeweza kutolewa kwa jedwali bora la vipimo, hata lile linaloonyesha kwamba ya baridi yametangulia, na tungekuwa na maelfu ya majaribio ya jikoni yaliyoandikwa kwa fomu moja.

Kazi ya nadharia imeendelea kwa njia nyingine. Mwaka 2017 Zhiyue Lu na Oren Raz walieleza kihesabu namna mfumo wenye joto zaidi unavyoweza kupita njia fupi ya kupoa, na mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Kanada wakaionyesha kwa chembe ndogo ya kioo iliyosukumwa kwa miali ya leza. Ni kazi safi. Inajibu hoja ya mwalimu wa Mkwawa kwa ukamilifu. Haisemi lolote kuhusu trei ya maziwa, na gazeti linaloandika "Mpemba athibitishwa" linakuwa limeunganisha vitu viwili visivyogusana.

Jaribio linaloweza kurudiwa

Shule yenye friza, hata ya duka la jirani, inaweza kulifanya. Tafuta bika mbili za Pyrex, kioo kinachostahimili joto, za mililita 100 za aina moja. Glasi ya kawaida ikiingia friza na maji ya nyuzi 90 inaweza kupasuka. Tumia vipimajoto vya waya vya kidijitali. Kile cha glasi kinabanwa barafu inapotanuka, na barafu hutanuka kwa asilimia 9 hivi. Isitoshe, kila ukifungua mlango kukisoma unaingiza hewa ya joto. Waya unapita kwenye mpira wa mlango. Kabla ya yote, vitumbukize vyote katika barafu inayoyeyuka: lazima visome 0. Kimoja kikisoma 0.6, andika, na uondoe 0.6 hiyo katika kila namba kinayosoma.

Chemsha lita moja ya maji dakika 5 katika sufuria moja, uyatumie kwa pande zote mbili. Hapa ndipo majaribio mengi ya shuleni yanapoharibika: upande mmoja wanatumia maji ya birika, upande wa pili ya bomba, kisha wanalinganisha maji mawili tofauti. Acha nusu yapoe hadi 30 yakiwa yamefunikwa. Pima gramu 70 kwenye kila bika. Funga ncha ya kipimajoto katikati, sentimita 2 kutoka chini, kwa kijiti kilicholazwa juu ya mdomo wa bika. Usitumie kadi yenye tundu, kwa sababu inakuwa kifuniko na inazuia mvuke. Chini weka kipande cha povu jeupe gumu, lile linalofungiwa televisheni, ili barafu ya sakafuni isiingie kwenye mahesabu.

Bika mbili zisikae pamoja kwenye friza ndogo. Ya moto inaipasha ya baridi, na inaiamsha kompresa ifanye kazi zaidi kuliko ambavyo ingefanya. Weka moja, maliza, subiri kipimajoto cha tatu kinachoning'inia hewani kirudi kwenye nyuzi ulizoanzia, ndipo uweke ya pili mahali palepale. Ipi itangulie, rusha sarafu.

Andika joto kila dakika, na utoe nyakati tatu. M1 ni pale kipimo kinapogusa 0 mara ya kwanza. M2 ni pale kinaporuka juu ghafla, tuseme kutoka −4 kurudi 0. Hapo barafu imezaliwa. M3 ni pale kinapoacha kusimama kwenye 0 na kuanza kushuka tena, yaani sehemu inayozunguka kipimajoto imeganda. Kabla ya kuwasha friza, ubaoni iandikwe ni M ipi itakayoamua. Ukichagua baada ya kuona namba, umerudi kwa yule fundi. Dawa nyingine ya ugonjwa huohuo ni majedwali kupewa herufi na kusomwa na mwanafunzi asiyejua lipi ni la maji ya moto.

Mara ngapi? Kama hakuna tofauti yoyote, ya moto yatatangulia kwa bahati nusu ya nyakati, kwa hiyo ushindi mmoja ni sawa na sarafu. Jozi 10, ushindi 9 au 10, hutokea kwa bahati tupu mara 11 tu katika 1,024. Ushindi 8 au zaidi hutokea mara 56 katika 1,024, na hapo ni vyema kurudia. Jozi moja inakula mchana mzima, kwa hiyo shule tano zikigawana jozi mbilimbili kazi inakwisha ndani ya juma. Umeme ukikatika katikati, jozi hiyo inabaki kwenye jedwali na alama ya "haikukamilika". Haifutwi.

Kuandika na kutangaza

Ripoti itangulize jedwali lote, na mchoro, na kipimo kilichochaguliwa na tarehe kilipochaguliwa. Maelezo ya sababu yaje mwisho, mafupi. Majina ya wanafunzi waliopima yawe juu pamoja na la mwalimu, kama Osborne alivyofanya. Shule iliyopata kwamba ya baridi yametangulia iandikwe kwenye ukurasa uleule na iliyopata kinyume. Ikipelekwa kwenye kiambatisho, haitasomwa.

Kwenye redio na gazeti tunapendekeza kanuni moja ya sarufi. Kiambishi hu- ni cha sheria: jua huchomoza mashariki. Ukisema maji ya moto "huganda" upesi, umewaambia wasikilizaji kwamba ni kawaida ya ulimwengu. Jaribio linasimuliwa kwa -li-: "Katika jozi 10, maji yaliyoanzia nyuzi 90 yalianza kuganda kabla ya yaliyoanzia 30 mara kadhaa", na idadi itajwe. Ongeza kiasi cha maji na aina ya friza. Ni sekunde 15 za hewani. Msikilizaji mwenye jokofu anaweza kujaribu mwenyewe na kukagua, na swali lake likija studio lijibiwe kwa vipimo, lisijibiwe kwa cheo cha mtaalamu.

Yanabaki maziwa. Jaribio la Magamba lenyewe linaweza kufanywa kwa utaratibu huu kwa trei nne: maziwa mabichi ya nyuzi 30, maziwa mabichi yaliyopashwa hadi 60 tu, maziwa yaliyochemshwa yakapozwa hadi 30, na yaliyochemshwa yakaingizwa yakiwa ya 90. Sukari ipimwe, gramu 10 kwa kila mililita 100, na ikorogwe hadi iyeyuke, kwa sababu kwenye maziwa ya baridi huzama chini na kuacha maziwa ya juu yasiyo na sukari, ambayo yanaganda kwenye joto la juu kidogo. Mara nusu trei zikae juu ya povu, mara nusu juu ya bati lenye barafu kama jokofu la wanafunzi. Tofauti ikionekana kwenye bati na kutoweka kwenye povu, kilichomsaidia Mpemba siku ile kilikuwa chini ya trei.